Ng'ombe wa lita 20 anaposhindwa na wa lita 18

Mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa, awe Hai, Rungwe au Githunguri, huuliza kwanza ng'ombe anatoa lita ngapi. Ni nadra aulize amezaa lini, na kabla ya hapo alizaa lini. Malengo ya mashamba madogo hupangwa kwa mtindo huohuo: mwaka huu lita 12, mwakani 18. Afya ya kundi huwekwa chini kabisa kwa maneno mapana kama "ng'ombe wasiugue", na mwaka ukiisha hakuna awezaye kusema kama lengo hilo lilifikiwa au la.

Wanaotanguliza lita hawajakosea kwa kila kitu. Maziwa hupimwa asubuhi na jioni, kwa hiyo badiliko linaonekana leo leo. Ng'ombe aliyeshuka kutoka lita 14 hadi 11 ndani ya siku mbili ameshatoa taarifa: maji hayatoshi, ana homa, au kiwele kina shida. Ada ya shule na marejesho ya mkopo hutoka kwenye lita, na kituo cha kukusanyia maziwa hakilipi mimba. Tena ng'ombe mzima wa afya anayetoa lita 5 huku akila pumba na mashudu ya kununua ni hasara inayotembea. Hoja yao nzito kuliko zote ni kwamba mambo mengi yanayoongeza maziwa ndiyo yanayolinda afya: majani yaliyokatwa yakiwa machanga, madini, na maji yasiyokauka kwenye hori, maana kila lita ya maziwa inadai lita 4 hadi 5 za maji.

Ila lita zinazotajwa karibu kila mara ni za kilele. Kilele huja kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya kuzaa, kisha maziwa hushuka kwa takriban 10% kila mwezi. Kwa kipimo cha haraka wanachotumia wataalamu, zidisha lita za kilele kwa 200 upate maziwa ya siku 305 za kukamuliwa. Sasa chukua ng'ombe wawili. Wa kwanza ana kilele cha lita 18 na huzaa kila baada ya miezi 13, yaani siku 390. Atatoa lita 3,600 katika siku 305, na zile siku 25 zinazobaki kabla ya kukaushwa (kuacha kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa tena) zitaongeza kama 190. Jumla 3,790, igawe kwa siku 390, ni lita 9.7 kwa kila siku ya maisha yake, zikiwemo siku asizokamuliwa.

Wa pili ana kilele cha lita 20, lakini huzaa kila baada ya miezi 18, siku 540. Anatoa 4,000 katika siku 305. Anaendelea kukamuliwa siku 175 nyingine, maziwa yakishuka kutoka lita 8 na ushee hadi 4 na ushee, na kuongeza kama lita 1,120. Gawa 5,120 kwa 540: lita 9.5. Yule aliyesifiwa sokoni ameshindwa. Na hapo ndama hatujawahesabu. Katika miaka mitatu wa pili anazaa mara mbili, wa kwanza anakaribia mara tatu. Kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atapata mtamba (jike ambaye hajazaa) wa kurithi nafasi ya mama yake au ataingia sokoni kununua ng'ombe ambaye historia yake haijulikani.

Miezi hiyo mitano imekwenda wapi? Mimba huchukua takriban siku 280. Wa kwanza alishika mimba siku ya 110 baada ya kuzaa, wa pili siku ya 260. Kati yao kuna siku 150, na joto, yaani wakati ng'ombe anapotaka dume, hurudi kila baada ya siku 21, hivyo joto saba zimepita bila mbegu kushika. Kila moja ilikuwa na sababu yake, na hapa ndipo lengo la lita pekee linaponyamaza.

Sababu ya kwanza ni chakula cha mwanzo. Katika miezi miwili baada ya kuzaa ng'ombe hutoa maziwa kuliko anavyoweza kula, akajazia kwa mafuta ya mwili wake. Kwa kipimo cha hali ya mwili cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenenepa mno), anatakiwa azae akiwa 3 hadi 3.5. Akiporomoka kwa zaidi ya daraja moja, mbavu na nyonga zikatokeza, mayai huchelewa kukomaa. Mfugaji aliyeahidiwa lita 20 huwahi kumjazia pumba ghafla, na tumbo linaasi: kinyesi kinakuwa cha majimaji, cha kijivu, chenye punje zisizosagika, na wiki chache baadaye kwato zinauma. Ng'ombe mwenye kwato mbovu hasimami vizuri, hali vya kutosha wala haonyeshi joto. Chakula cha ziada kianzishwe kidogo kidogo wiki mbili kabla ya kuzaa, na baada ya hapo kisizidi kilo 2 kwa mlo mmoja. Kikihitajika zaidi, kigawanywe kwa milo mingi.

Ya pili ni macho. Ng'ombe wa bandani aliye peke yake hana mwenzake wa kumpanda, na dalili nyingi hutokea usiku. Anayemtazama wakati wa kukamua tu atazikosa. Inafaa kumkagua alfajiri, mchana na saa tatu usiku, dakika 20 kila mara, akiwa ametulia: ute mwepesi unaong'aa ukining'inia au umegandia mkiani, uke uliovimba kidogo, kulia bila sababu, maziwa kupungua siku moja. Akionekana asubuhi, mhimilishaji (mtaalamu wa kupandikiza mbegu) aje jioni. Akionekana jioni, aje asubuhi inayofuata. Tarehe iandikwe ukutani, na siku ya 18 hadi ya 24 baada ya hapo atazamwe upya.

Ya tatu ni kutokumkausha. Ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba anayetoa lita 5 anaonekana bado analipa, na kumwacha siku 60 kunaonekana ni kutupa lita zisizofika 300. Asipopumzishwa, maziwa ya mzao unaofuata yanaweza kupungua kwa takriban robo. Kwa ng'ombe wa lita 3,600, robo ni 900. Siku hizo 60 pia ndizo nafasi bora ya kutibu kiwele kwa dawa ya kukaushia katika kila chuchu, kwa sababu ugonjwa wa kiwele uliojificha hauonyeshi mabonge wala uvimbe. Unapunguza maziwa tu, na mwenye ng'ombe anazidi kulaumu chakula.

Wanaotetea malengo ya afya nao wana kosa lao. Hunakili viwango vya mashamba makubwa: asilimia kadhaa ya wagonjwa wa kiwele, asilimia kadhaa ya vifo vya ndama. Kwenye banda la ng'ombe watatu, mmoja akiugua tayari ni 33%. Takwimu hiyo haimsaidii mtu. Shamba dogo linahitaji tarehe za kila ng'ombe: siku ya 60 apimwe kizazi na daktari wa mifugo kama bado hajaonekana kwenye joto, siku ya 110 awe na mimba, siku 60 kabla ya kuzaa akaushwe. Kuogesha dhidi ya kupe kuwe na siku yake ya wiki, kwa sababu ndigana kali haisubiri mwenye shamba apate nafasi. Lita zibaki hapohapo kando ya tarehe hizo, zikipangwa kwa majani yaliyopo. Ng'ombe wa kilo 500 anataka kama kilo 15 za chakula kikavu kwa siku, na hizo ni karibu kilo 75 za matete mabichi. Asiye na shamba la kutoa kilo hizo hata wakati wa kiangazi hajafika kwenye lengo la lita 18, hata akinunua mbegu bora kiasi gani.

Faida nyingine ya tarehe ni ngumu kuipokea. Zinamlazimisha mfugaji kuamua. Ng'ombe aliyepandishwa mara nne, kizazi kikachunguzwa na kutibiwa, akafika siku ya 260 bila mimba, kwa hesabu ya lita bado anatetewa: leo katoa 8, mwezi ujao atatoa 7. Kwa hesabu ya tarehe anauzwa sasa, akiwa na mwili wa kupata bei nzuri, na nafasi yake na majani yake vinakwenda kwa mtamba.