Unywele Uliomfunga Ndio Uliomfungua

Jioni moja tukiwa barazani Ngamiani, hapa Tanga, wakili kijana niliyekaa naye alisema kwamba angekuwa hakimu asingepokea unywele kuwa kielelezo katika kesi yoyote ya jinai. Kilichomuudhi ni habari za Marekani, nazo ni nzito kweli. Mwaka 2015 FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilikiri kwamba, katika kesi 268 za zamani ambazo ushahidi wa wataalamu wake kuhusu nywele ulimwelemea mshtakiwa, 257 zilikuwa na kauli zisizo sahihi kisayansi. Baadhi ya washtakiwa hao walihukumiwa kifo, na 9 kati yao walikuwa wamekwisha kuuawa ukweli huo ulipotoka.

Mtu akisoma hayo kisha akasema nywele zitupwe, simshangai. Na hata tukiiacha Marekani, hoja anayo hapa hapa Tanga. Chukua helmeti ya bodaboda. Asubuhi imevaliwa na mwalimu anayewahi Mzingani, mchana na mama anayetoka kununua samaki Deep Sea, jioni na kijana wa Chumbageni. Kichwa cha mtu hupukutisha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na sponji ya helmeti haimwachi mtu hivi hivi. Unywele wa mwalimu unaweza kulala juu ya mto wa yule mama, na wawili hao hawajawahi kuonana. Saluni ndiyo usiseme: msusi anarudi nyumbani na nywele za wateja sita kwenye gauni lake, na nyingine zimekuja kwenye pakiti kutoka India.

Lakini wakili ameubebesha unywele kosa la watu waliousemea. Chini ya hadubini mtaalamu huona magamba ya nje, chembe za rangi, uti wa katikati. Akiona unywele wa eneo la tukio unafanana na wa mshtakiwa, haki yake ni kusema kwamba mshtakiwa hajaondolewa katika kundi la wanaoweza kuwa wenye unywele huo. Basi. Wale wa FBI walipanda kizimbani wakasema, au wakaacha ieleweke, kwamba unywele ni wake.

Kuna hesabu moja ambayo nimeigeuza geuza kichwani muda mrefu. Mwaka 2002 wanasayansi wa uchunguzi wa jinai, Max Houck na Bruce Budowle, walichapisha matokeo ya nywele 80 ambazo hadubini ilikuwa imezilinganisha na za watu fulani na kuona zinafanana. Zilipopimwa vinasaba vya mitokondria, yaani vile vya vijiumbo vidogo vya ndani ya seli, 9 zilikuwa za watu wengine. Wanaotaka nywele zitupwe wanaishika hiyo 9: zaidi ya asilimia 11, kwisha kazi. Nami naishika, kwa sababu nyuma ya kila mmoja wa hizo 9 angeweza kusimama mtu kizimbani, na inatosha kabisa kuzuia hadubini peke yake isimfunge mtu. Hapo niko na wakili. Ila nauliza, nani aliyeifichua hiyo 9? Ni nywele zile zile, zilipoulizwa kwa njia bora.

Na zile 71 zilizobaki zisituhadae. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama. Bibi mmoja wa Pangani, wanawe wote, wajukuu zake kwa mabinti, wote wanabeba vinasaba hivyo hivyo, awe mvuvi au mwanafunzi wa chuo. Kwa hiyo kwa unywele uliokatika bila mzizi, kipimo hicho hakiwezi kusema "ni wa huyu". Kinaweza kusema "si wa huyu", na kikilisema hilo, mtu ametoka. Upande huu wa pili ndio watu hawautazami.

Santae Tribble, kijana wa Washington, alihukumiwa mwaka 1980 kwa mauaji ya dereva wa teksi. Muuaji alikuwa amejifunika uso kwa soksi ya kike, na unywele uliotolewa kwenye soksi hiyo ulisemwa kuwa unafanana na wake. Akakaa gerezani zaidi ya miaka 20. Mwaka 2012 nywele 13 kutoka kwenye soksi ile zikapimwa vinasaba. Hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Mmoja ulikuwa wa mbwa. Akafutiwa hatia mwaka huo huo. Sasa fikiria kama mtu mmoja mwenye hasira njema angekuwa ameamuru zitupwe.

Sisi tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu 2009, na tuna maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini unywele huokolewa au hupotezwa kabla ya kufika huko, na askari wa kwanza kuingia chumbani. Aukunje ndani ya karatasi safi, auweke kwenye bahasha, aandike saa, mahali na jina lake. Asiutie kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu hunaswa ndani ukauharibu. Pwani hii kiatu cha ngozi huota ukungu kabatini kikikaa masika moja tu.

Wakili hakuridhika. Alisema hakimu akiambiwa "unafanana" atasikia "ni wake", hata mtaalamu awe mwangalifu vipi. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana naona neno "unafanana" lisitamkwe mahakamani bila kipimo cha vinasaba kando yake. Nikamwomba amfikirie mteja wake mwenyewe, yuko mahabusu Maweni mwaka wa tatu, na unywele wa muuaji umo ndani ya bahasha ambayo yeye hataki ipokelewe.

Alimwaga machicha ya kahawa kwenye mchanga, akasema huyo angemwombea upimwe.