Popo wa Darini na Popo wa Mkuyuni Wasihukumiwe Pamoja

Mtaani kwetu Kileleshwa, Nairobi, kuna pendekezo: fundi apulize dawa darini, na mkuyu ulio kando ya lango ukatwe, ili popo wote waishe. Pendekezo hilo linachanganya wanyama wawili ambao hata familia yao si moja.

Popo wa darini ni mdogo, gramu 10 hivi, na mkia wake umechomoza kama wa panya. Huwinda wadudu kwa mwangwi wa sauti yake. Wanaomlalamikia wana haki: mkojo hupenya mbao, na jua likichoma mabati harufu haivumiliki. Sifa ya kumaliza mbu nayo imetiwa chumvi; huruka juu akifuata nondo na mbawakawa. Aachwe atoke jioni, msimu asiokuwa na wachanga, kisha matundu yazibwe. Akipuliziwa dawa ataozea mumo humo.

Wa mkuyuni ndiye ninayemhurumia. Ana uso kama wa mbwa, macho makubwa, vishungi vyeupe penye masikio, na hufikia gramu 100. Darini haingii. Ule mlio wa usiku, kama mtu anayegonga chuma polepole, ambao wengi hudhani ni chura, ni dume anaita jike. Anashtakiwa kwa kuchafua magari. Juzi niliokota tonge juu ya boneti: makapi ya kuyu, yamekamuliwa hadi yakakauka. Maji kayanywa, makapi kayatema. Mbegu ndogo anazozimeza huzinya baada ya muda mfupi, mara nyingi akiwa angani, kwa hiyo huanguka mbali na mti mama: kwenye ufa wa ukuta, au panda ya mti mwingine. Mwaka 2020, amri ya Rais ilipouokoa mugumo, ndugu wa mkuyu, wa Waiyaki Way usikatwe kupisha barabara ya Expressway, tulifurahi sana. Miti ya jamaa hiyo hupandwa na ndege na popo kuliko na watu.

Mapera yangu anakula, sikatai. Lakini parachichi la sokoni huchumwa likiwa gumu, naye hutaka lililoiva, kwa hiyo hasara anayotwikwa imezidishwa. Hofu ya magonjwa ina msingi. Asishikwe kwa mikono mitupu, na tunda aliloling'ata litupwe. Hayo yanawezekana bila shoka.

Kikao ni Jumamosi. Nitachangia pesa za kuziba dari. Mkuyu ukikatwa, harufu ya darini itabaki palepale.