Simu iliyoingia kwa somo

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye singo ya mtoto wa jirani yangu, Mpendae, Unguja. Mlangoni alikaa bibi mmoja mtu mzima, kanga mbili, kikapu cha ukili mapajani. Kila anayeingia anaambiwa, "Mwanangu, simu humu." Hapana mjadala. Wengine walinuna, wengine walizima na kutumbukiza. Mmoja alisema kamwacha mtoto na homa, huenda akapigiwa. Bibi akamjibu kwa upole, "Basi kaa hapa na mimi, ikilia utaisikia." Akakaa naye. Mimi nilipotia yangu nilijiona nimetua mzigo.

Kwa msomaji asiye wa Visiwani: singo ni ule mchanganyiko wa maua, liwa na vitu vya kunukia anaosuguliwa biharusi, na siku yenyewe ikapewa jina hilohilo. Ni siku ya wanawake watupu. Baibui linavuliwa, ushungi unateremshwa, ngoma inapigwa, na somo, yaani kungwi wa biharusi, anamchukua mwari wake na kumwambia mambo ambayo mama mzazi hawezi kumwambia. Ndiyo skuli yetu ya unyumba. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa sauti yake, lakini wanawake wengi wa hapa walimjua kwanza kwa ngoma ya unyago na kwa wari aliowacheza.

Nina sababu ya kukipenda kile kikapu. Miaka mitatu nyuma tulimwoza mtoto wa dada yangu. Siku ya singo, mmoja wa waalikwa, ambaye mpaka leo hatujamjua, alirikodi sekunde arubaini. Biharusi kasimama katikati ya jamvi, kanga moja kajifunga kifuani, somo yuko nyuma yake kamshika kiuno anamwonyesha anavyotakiwa azungushe. Wanawake wanapiga makofi, wanacheka, wanapiga vigelegele. Ndani ya chumba kile ilikuwa ada, kama ilivyokuwa kwa mama yake na bibi yake.

Asubuhi ya nikaha ile video ilikuwa kwenye gurupu la WhatsApp la wanaume anaofanya nao kazi bwana harusi.

Hakusema kitu siku ile. Aliyasema siku ya tatu ya fungate, kwa kaka yake: kila anayempa mkono wa pongezi anamtazama usoni mara mbili. Ikaitishwa kikao. Wakaja ami zake, wakaja wajomba wa kwetu, na mtoto wa watu akaulizwa, mbele ya wanaume sita, nani kakufundisha mambo haya? Hina haijaanza kufifia mikononi. Nilikuwa nimekaa naye ubavuni, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka baharini. Aliyofundishwa kwa ajili ya mumewe ndiyo yaliyosomwa kama mashitaka juu yake. Aliyerikodi hakuulizwa, waliorusha hawakuulizwa, na wale wanaume waliokaa kuitazama sekunde zote arubaini kisha wakaenda msikitini kushuhudia nikaha, wao pia hapana aliyewauliza.

Ndoa ipo, alhamdulillahi, na wana mtoto. Lakini mwanamke yule hachezi tena kwenye harusi ya mtu yeyote.

Na somo wake aliacha kazi. Mwanamke aliyecheza wari mtaani kwetu tangu miaka ya 1980, akakataa. Nilimfuata mwaka jana nikimbembeleza kwa ajili ya harusi nyingine. Alikubali kuja, ila akaniambia mapema: "Nitamwambia usafi, nitamwambia adabu ya mume na wakwe. Mengine nayameza. Sijui ukutani pana jicho la nani."

Hayo mengine ndiyo yanayonitia uchungu, maana najua yalikuwa nini. Mimi niliambiwa na somo wangu kwamba nikiumia niseme, nisingoje kuulizwa. Niliambiwa mume mwenye pupa anafundishika, na nikaambiwa namna ya kumfundisha bila kumvunjia heshima. Niliambiwa kuwashwa na kutokwa na uchafu ni maradhi, si aibu, niende hospitali na nimbebe na yeye. Niliambiwa kanga gani ivaliwe usiku gani, na kanga gani inamwambia mtu leo niache nipumzike, bila ya mdomo kufunguka. Sitaki kumtia somo wangu ubawa wa malaika. Aliniambia pia nivumilie mambo ambayo leo binti yangu nisingemwambia avumilie hata siku moja, na mzigo wote wa kuitengeneza ndoa alinitwika mimi. Lakini alinijua. Alijua mwaka niliovunja ungo, alimjua mama yangu, na nilipokwama mwezi wa pili wa ndoa yangu nilivaa baibui nikaenda kumgongea.

Biharusi wa leo ana bando. Akitaka kuuliza anauliza simu, na simu inamletea wauza dawa za kumteka mume, wauza dawa za kubana, na watu wanaojiita walimu wa mahaba ambao wakimaliza kusema wanaweka namba ya kutumia pesa. Inamletea na zile picha chafu, ambazo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuzichapisha, Bara na huku kwetu, nazo zinaingia kama maji ya mvua chini ya mlango. Mle ndani hapana anayeuliza mwenzake kama yu radhi, wala anayekataa, wala anayechoka. Mwaka jana alinijia mwari wa wiki mbili, msichana aliyesoma, kazi nzuri anayo. Alitaka kujua kama ni mgonjwa, kwa sababu yake si kama ya kwenye video. Kumbe mumewe ndiye aliyemwonyesha ile video, na ndiye aliyemwambia kuwa ana kasoro.

Wengi wanaitupia lawama televisheni, hasa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mimi hizo sizilaumu. Mle angalau mume na mke wanazungumza, wananuniana vipindi kumi, halafu mmoja anasema nisamehe. Nawajua wanaume wa mtaani kwetu ambao neno hilo hawajalitamka ndani ya nyumba zao.

Wavulana ndio ninaowafikiria zaidi usiku. Msichana alikuwa na somo, hata kama leo somo anameza maneno. Mvulana ana nani? Zamani kulikuwa na jando, na jandoni pamoja na kisu palikuwa na maneno. Siku hizi mtoto anatahiriwa hospitali angali mchanga, jambo zuri kwa afya yake, ila yale maneno hayakuhamia popote. Chuoni, yaani madrasa, anasoma nguzo za nikaha na masharti ya kuoga janaba. Skuli anachorewa mchoro wa via vya uzazi. Namna ya kumkaribia binaadamu mwenzake anaiokota barazani, kwenye kioo cha simu wanachokizunguka vijana wanne, vichwa vimegusana.

Nikifika hapo humkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri, na sauti ya mwanamke wa Kiswahili ikaanza kusikika kwenye gramafoni. Miongoni mwa aliyoyaimba ni mkasa wa mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa hapa Unguja, na mtenda akatoroka. Siti alimtaja kwa jina. Tunaposema vyombo vya habari vinaharibu maadili, nakumbuka kwamba chombo kilichokuwa kipya wakati ule ndicho kilichobeba kilio cha maiti ya mwanamke na kukifikisha mbali. Yeye alijua lipi la kuimbwa hadharani na lipi la kunong'onwa chumbani.

Sisi tumegeuza. La chumbani tumelitoa barazani, la barazani tumelifungia chumbani. Sekunde arubaini za biharusi zinafika Wete na Muscat kabla ya adhuhuri. Mtoto wa miaka tisa akidhalilishwa na jamaa yake, basi hilo ni siri, ni muhali, ni "tuyamalize wenyewe". Tunavyo vituo vya Mkono kwa Mkono, anakohudumiwa aliyedhalilishwa, kimoja kipo hospitali ya Mnazi Mmoja, na tangu 2021 tunayo mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Lakini shahidi anaombwa na shangazi yake asiende, kwa sababu mshitakiwa ni mtoto wa mjomba. Watu haohao waliorusha video ya harusi bila kufikiri mara mbili, wakiulizwa walichokiona nyumba ya pili, wanasema hawakuona.

Kwa hiyo nakitetea kikapu, na nataka kiwe kwenye kila singo na kila ukumbi wa wanawake, tena kwa nguvu. Nataka somo apate tena chumba chenye mlango. Lakini kikapu kinawalinda wasichana usiku mmoja tu, na hakimfikii mvulana hata kidogo.

Mwanangu wa kiume ana miaka 16. Nilimwomba ami yake azungumze naye. Akaniambia, "Shemeji, hayo muhali kwangu." Nikamwomba ustadhi wake, akaniambia ataandaa mawaidha kwa darasa zima. Wiki iliyopita nikaamua mwenyewe. Nilingoja alasiri, nikampa nazi akune. Mtu akiwa juu ya mbuzi hawezi kukimbia, na wala halazimiki kumtazama mama yake machoni.

Nikamwambia wale wa kwenye simu wanalipwa kuigiza, na kinachoonekana kimekatwa na kuungwa. Nikamwambia mwili una mwenyewe, na mwenyewe akisema hapana ni hapana, hata akiwa mkeo, hata baada ya nikaha. Nikamwambia akiletewa video ya mtoto wa mtu aifute, asiirushe hata kwa rafiki mmoja. Alikuwa anakuna tu, nazi inadondoka kwenye sinia, masikio yamemwiva. Nikadhani tumemaliza.

Halafu akauliza, hakuinua kichwa: "Ile ya dada, wewe uliiona?"

Wakati ule alikuwa na miaka 13. Nikamwuliza yeye kaipata wapi. Akanitajia gurupu la wenzake wa chuoni. Akasema aliifuta siku ileile, hakumwambia mtu, na tangu hapo kila dada yake akija kututembelea yeye hutoka nje kwa kuwa hajui amtazame vipi.

Nikavunja nazi ya pili, nikampa kizio kimoja, mimi nikakaa chini na kingine mkononi. Tukazungumza mpaka ikaadhiniwa magharibi.