Makundi ya galaksi hayapewi heshima yake

Ikitajwa nishati giza, ile nguvu isiyoeleweka inayoutanua ulimwengu kwa kasi inayozidi, watu wote wanakimbilia supanova (nyota zinazolipuka) za 1998 zilizoifichua na Nobel ya 2011. Sawa, wanastahili, lakini kwangu mimi ushahidi mzito kuliko wote uko kwenye makundi ya galaksi na hauzungumzwi vya kutosha.

Supanova inakupa umbali, basi. Makundi yanakuonyesha kitu kingine kabisa, vitu vimekuaje. Kundi kubwa lina galaksi mamia hadi maelfu, uzito wake unafika Jua mara trilioni mia na zaidi, na linajengwa na graviti polepole, madogo yanaangukia makubwa kwa mabilioni ya miaka. Sasa kama nishati giza inautanua ulimwengu kwa kasi inayozidi, ujenzi huo lazima udorore, kwahiyo unahesabu makundi ya enzi za kale na ya enzi za karibuni unalinganisha. Mwaka 2008 timu ya Alexey Vikhlinin ilichukua makundi 86 kwa Chandra, darubini ya angani ya NASA, ikakuta ukuaji umebanwa kweli! Ni njia tofauti kabisa na jibu likawa lilelile, ndo maana naiamini.

Chandra inaona eksirei za gesi iliyomo ndani ya kundi, yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Kazi hiyo ilifunguliwa na satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco pale baharini Malindi. Kwanini hili halimo kwenye kila kitabu cha sayansi cha shule zetu?

Shida kubwa ni uzito. Huwezi kuliweka kundi kwenye mizani, na ukikosea uzito hesabu nzima inaharibika, mwaka 2013 satelaiti ya Planck ilikuta makundi machache kuliko yaliyotarajiwa na ubishi ukawa mkubwa. Siku hizi uzito wanaupata kwa kupima jinsi kundi linavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, na Februari 2024 eROSITA, darubini ya eksirei ya Wajerumani, ikatoa matokeo ya makundi 5,259 yanayokubaliana na yale ya mionzi ya kale iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu.

Ila darubini hiyo imesimamishwa tangu Februari 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, maana iko kwenye chombo cha Warusi. Ilipangiwa kuskani anga lote mara nane, ikamaliza nne. Waiwashe jamani, makundi hafifu ya mbali yalikuwa yanasubiri hizo nne zilizobaki, na ndiyo tunayoyahitaji sasa hivi vipimo vya DESI, mradi wa kuchora ramani ya galaksi, vinapoanza kuashiria kwamba huenda nishati giza inabadilika.