Megabiti Ziongezwe, au Simu Zipishwe?

Anayekaa stesheni ya Tabora siku moja nzima anaweza kuelewa foleni za swichi, kile kifaa kinachogawa data kwa kompyuta na simu za ofisi, bila kufungua kitabu. Reli hii ya zamani, iliyofika hapa 1912 na Kigoma 1914, ni ya njia moja. Treni ya abiria na ya mizigo zikikutana, moja huingia pembeni na kupisha, na kwa kawaida ni ile ya mizigo. Saruji haina haraka. (Najua reli ya kisasa inajengwa. Nayo itakuwa na ratiba.)

Nimeanzia huko kwa sababu mafundi wengi wa mtandao ninaokutana nao hapa mjini wana jibu moja tu sauti ya simu za mezani za intaneti inapokatakata: ongeza megabiti, yaani upana wa njia. Fundi anayeingia kwenye swichi na kupanga foleni, sauti ikae mbele na mafaili nyuma, huonekana anajitafutia kazi. Mimi naona anaonewa, ingawa wanaomcheka wana hoja zao na nitazifikia.

Simu yenyewe haili kitu. Kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida, G.711, inatuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, 50 kwa sekunde, moja kila milisekunde 20, na ukijumlisha vichwa vyote vya pakiti (maelezo ya safari yake) hadi vya Etheneti, mtandao wa waya wa ofisini, unapata kama kilobiti 87 kwa upande mmoja. Simu kumi kwa mpigo hazifikishi megabiti moja. Sasa chukua ofisi niliyoihudumia, yenye majengo mawili yaliyounganishwa kwa redio ya megabiti 20 kwa sekunde. Mchoro wa matumizi ulikuwa chini kabisa, karibu sakafuni, na bado mhasibu wa jengo la pili alikuwa anasikika kama anaongea ndani ya pipa. Mwenye ofisi akaniuliza, kwa haki kabisa: njia iko tupu, simu inakwama wapi?

Inakwama kwenye wastani. Serva, kompyuta inayotunza mafaili, iliyo kwenye bandari (tundu la waya la swichi) ya gigabiti ikimwaga megabaiti moja, sawa na megabiti 8, kuelekea jengo la pili, inamaliza kumwaga ndani ya milisekunde 8. Megabaiti ile ile ikipita kwenye redio ya megabiti 20 inahitaji milisekunde 400 kuisha. Pakiti ya sauti inayofika nyuma ya lundo hilo itasubiri zote 400, ilhali pendekezo la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, ni kwamba sauti ifike ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Simu iliyo hewani inapoteza maneno ya pakiti 20 mfululizo, na kama bafa, yaani kumbukumbu ya kusubirishia pakiti, ni fupi, pakiti zinatupwa kabisa. Kwenye mchoro unaopima kila dakika tano, mwago huo ni asilimia 0.13 ya uwezo wa njia. Hata serva ikimwaga hivyo kila baada ya sekunde 10, mchoro utasema asilimia 4. Asilimia 4! Ungeonyeshwa mchoro huo, ungeapa kwamba mtandao hauna tatizo, na simu ingekuwa inagugumia mara sita kila dakika.

Tuongeze megabiti basi. Kwa 40, kusubiri kunashuka hadi milisekunde 200, bado ni zaidi ya 150. Kwa 100 kunakuwa 80, na hapo nakubali simu inapona, mpaka siku mtu atakapoweka serva ya pili, au kamera zaidi. Tena usafirishaji wa mafaili kwa TCP, utaratibu wa kawaida wa kutuma data, una tabia ya kuongeza mwendo hadi njia ijae na pakiti zianze kudondoka, ndipo upunguze. Ukipanua njia, usafirishaji huo utaijaza hiyo pana. Lakini ukiipa sauti foleni yake ya kipaumbele, pakiti ya simu itasubiri pakiti moja tu, ile ambayo tayari iko njiani: baiti 1500 kwa megabiti 20 ni milisekunde 0.6. Kutoka 400 hadi 0.6, bila kununua kitu.

Wapinzani wana kesi, na iliyo nzito zaidi ni hii: foleni inapangwa mahali pasipo na foleni. Ndani ya jengo moja lenye swichi za gigabiti, pakiti kubwa inapita kwa mikrosekunde 12. Ukipanga vipaumbele hapo umepamba tu. Na kwenye ofisi ile, swichi ilikuwa inaongea na redio kwa gigabiti, kwa hiyo kwa macho ya swichi hakukuwa na msongamano wowote. Lundo lilikuwa linajengeka ndani ya redio. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameweka kipaumbele vizuri kabisa, na hakikusaidia chochote. Ilibidi bandari ile ibanwe hadi megabiti 18, ili foleni irudi kwenye swichi inayojua kuichambua.

Hoja ya pili pia ni ya kweli. Baadhi ya swichi, ukiwasha huduma hii ya vipaumbele tu, zinafuta lebo za pakiti (namba zinazoonyesha kipaumbele) hadi sifuri mpaka uziambie bandari ipi iaminiwe, na zinagawa bafa vipandevipande kiasi kwamba mafaili yaliyokuwa yakipita salama yanaanza kudondoka. Ukiamini lebo ya kila bandari, kompyuta yoyote inaweza kujipachika 46, lebo ya sauti, na kukaa mbele ya wote. Usipoweka kikomo kwenye foleni ya mbele, wengine watakufa njaa. Kwa simu kumi, megabiti 2 zinatosha na zinabaki. Na pakiti ikishatoka kwenda intaneti ya kawaida, usitegemee kwamba kuna atakayejali lebo yako.

Haya yote yanadai fundi mwenye daftari, anayeandika alichobadilisha. Huyo hapatikani kila ofisi, na ofisi isiyo naye afadhali inunue megabiti. Siwacheki. Ila waseme wazi kwamba wananunua kwa sababu ya kukosa fundi, wasiseme foleni hazifanyi kazi.

Ile megabiti 18 ya kubana bandari nayo ina kasoro. Redio nyingi hupunguza mwendo hali ya hewa ikichafuka, na masika ya Tabora si ya mchezo. Redio ikishuka hadi 10, lundo linarudi ndani yake, na swichi haina habari. Kwa bahati redio ile inasoma lebo na ina foleni zake, ila zilikuwa zimezimwa. Nimeziwasha. Mhasibu ameahidi kunipigia mvua ya kwanza ikinyesha, kwa simu hiyo hiyo ya mezani.