Kabla ya sindano ya diklofenaki, bonyeza shingo ya mgonjwa

Katika zahanati zetu nyingi, ukisema "kichwa kinaniuma" njia ni ileile: kipimo cha malaria, mashine ya presha, halafu panadol za siku tatu. Kwa mwenye homa iliyoanza juzi, sawa kabisa. Lakini fundi cherehani anayeumwa kichwa karibu kila siku kwa miezi minne hafiki popote kwa njia hiyo. Atarudi, atatibiwa malaria ambayo kipimo hakikuiona, safari inayofuata atachomwa diklofenaki, sindano ya kutuliza maumivu, mwisho ataambiwa ana mawazo. Shingo yake hakuna aliyeigusa, na vidonge alivyokwisha kumeza hakuna aliyevihesabu. Kwangu mimi, mambo hayo mawili yangetangulia yote.

Swali la kwanza lisiwe "kinauma mara ngapi?", maana mgonjwa hutaja zile siku kali tu. Muulize: katika siku 30 zilizopita, siku ngapi kichwa hakikuuma kabisa? Kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, kikawa kinabana pande zote mbili bila kugonga, hakizidi kwa kutembea wala hakimtapishi, hayo ni maumivu sugu ya kichwa ya mkazo. Kinachogonga upande mmoja, na kichefuchefu na kutaka giza, kifikirie kuwa kipandauso.

Swali la pili ni vidonge. Ukiuliza "unatumia dawa gani?" utajibiwa "situmii", kwa sababu vya dukani kwa Mangi havihesabiwi kuwa dawa. Uliza amenunua lini mara ya mwisho, na kabla ya hapo lini. Parasetamo, ibuprofeni au diklofenaki kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au vile vya mchanganyiko wenye kafeini kwa siku 10, mambo yakienda hivyo kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokiendeleza kichwa.

Sasa vidole. Mgonjwa akae, mikono mapajani, wewe simama nyuma yake. Kwa kidole cha shahada na cha kati, bonyeza kwa nguvu ya wastani huku ukizungusha kidogo, pande zote mbili: kipaji, panja, taya (akiwa ameuma meno), msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kidarini, kisogoni chini ya fuvu, na juu ya bega. Kila sehemu ipe alama 0 (haiumi) hadi 3 (inauma sana), uandike kwenye kadi. Usiulize "hapa panauma?", maana wengi watakuitikia ili wasikuudhi. Mtazame usoni kwenye kioo, au mweke mwenzako mbele yake. Ukifika kisogoni au begani, mara nyingi atasema mwenyewe: "Hapo hapo, ndipo kinapoanzia."

Msuli kuuma hauthibitishi kwamba tatizo lote liko kwenye msuli. Maumivu yakikaa miezi, mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo na ubongo huzidi wepesi wa kuyahisi. Ndiyo maana kuchuliwa kunampa nafuu ya saa chache tu, na sindano vilevile. Tena diklofenaki huumiza tumbo na figo, na hupandisha presha. Nani hajaona mgonjwa aliyepimwa 150/95 baada ya wiki ya vidonge hivyo, akaambiwa presha ndiyo inayomuuma kichwa? Presha ya kiwango hicho kwa kawaida haiumizi kichwa. Inayotiliwa shaka huanzia 180/120.

Vidonge vya dukani visimame mara moja. Mwambie wazi kwamba siku 2 hadi 10 za mwanzo kichwa kitauma zaidi. Asipoambiwa, siku ya tatu atarudi dukani. Baadaye, parasetamo gramu 1 isizidi siku mbili kwa wiki.

Dawa ya kuzuia ni amitriptilini. Kidonge kinachopatikana sana ni cha miligramu 25: anza na nusu, saa moja au mbili kabla ya kulala, baada ya wiki kizima, kisha panda taratibu hadi 50 au 75 kama anaivumilia. Wengi huharibu kwa kuanza na dozi kubwa. Mtu analala hadi saa nne asubuhi, anaitupa. Mwambie pia kwamba hutumika kwa sonona lakini hapa ni ya maumivu, kabla jirani hajamwambia amepewa dawa ya vichaa. Usimpe mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume inayobana mkojo, na mwenye mawazo ya kujiua asibebe vidonge vingi.

Kwa shingo na mabega, utafiti wa Denmark wa 2011 kwa wafanyakazi wa ofisini ulionyesha kwamba dakika 2 za kuvuta mpira, siku tano kwa wiki kwa wiki 10, zilipunguza maumivu. Tyubu kuukuu ya baiskeli inatosha: ikanyage katikati, shika ncha, inua mikono kwa pembeni hadi usawa wa bega. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo hiyohiyo, aigawe.

Kichwa kilicholipuka ghafla, homa na shingo ngumu, mkono uliolegea, ujauzito uliopita wiki 20, au kuanza baada ya miaka 50: huyo apewe rufaa. Mwenye VVU apimwe pia kriptokokasi, fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo, hasa CD4 (seli za kinga) ikiwa chini ya 200.

Wengine waondoke na kalenda: msalaba siku ya maumivu, duara siku ya kidonge, warudi baada ya wiki 4. Ikirudi tupu usimgombeze. Uliza nani nyumbani anaweza kumwekea alama.