Herufi kubwa za Palm Beach

Mwaka 2000 msimamizi wa uchaguzi wa kaunti ya Palm Beach, jimboni Florida, Marekani, aliwaonea huruma wazee. Wagombea urais walikuwa 10, na kuwabana wote kwenye ukurasa mmoja kungelazimisha herufi ndogo mno kwa macho yaliyochoka. Akazikuza herufi, akayagawa majina kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa akayapanga katikati. Nia safi kabisa, ila siku yenyewe ikawa balaa. Al Gore alikuwa jina la pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, ambaye jina lake lilikuwa upande wa kulia. Buchanan akavuna kura 3,407, nyingi kiasi kwamba mwenyewe alikiri si zake zote, na karatasi zipatazo 19,000 zikahesabiwa zimeharibika kwa kutobolewa wagombea zaidi ya mmoja. George W. Bush alilichukua jimbo zima la Florida, na urais pamoja nalo, akimshinda Gore kwa tofauti ya kura 537.

Kisa hiki kila upande hukidai. Wanaotaka uchaguzi uwe mwepesi husema: mnaona karatasi mbovu inavyompokonya mtu kura yake? Wanaoogopa mabadiliko hujibu kuwa kilichomponza yule msimamizi ni huko huko kutaka kurahisisha. Mimi naona wote wanaruka jambo moja. Sampuli ya karatasi ile ilitolewa mapema, vyama vikaiona, na hakuna aliyelalamika. Kuitazama karatasi mezani ni kitu kimoja. Kuitumia ukiwa umesimama kwenye kituturi, foleni ikikusubiri nyuma, ni kingine kabisa.

Uingereza nayo ilinaswa na mtego uleule. Kwa miaka mingi sheria iliagiza kila kituo kiwe na kifaa cha kumsaidia asiyeona: utepe wa plastiki unaobandikwa juu ya karatasi ya kura, wenye vifuniko vyenye namba. Unapapasa namba, unainua kifuniko, unatia alama. Lakini namba 4 ni nani? Kifaa hakisemi. Lazima mtu akusomee majina, nawe uyashike kichwani kwa mpangilio wake. Mei 2019 Mahakama Kuu iliona kwamba kumwezesha mtu atie alama bila kujua anamchagua nani ni kuufanyia uchaguzi mzaha. Sheria ya mwaka 2022 ikaondoa sharti la kifaa hicho, ikawaachia wasimamizi watafute vifaa vinavyofaa. Watetezi wa wasioona wakaingiwa na hofu nyingine: kwamba msaada utapatikana huku na kukosekana kule.

Hata hivyo, asitokee mtu akasema urahisi ni anasa. Brazil zamani ilimtaka mpiga kura aandike jina au namba ya mgombea kwa mkono. Katika chaguzi za wabunge, takriban robo ya kura zilikuwa tupu au zimeharibika, na walioumia zaidi ni wasiojua kuandika vizuri. Kuanzia mwaka 1996 ikaleta mashine: unabonyeza namba, picha ya mgombea inatokea, unathibitisha. Mchumi Thomas Fujiwara alipochunguza matokeo yake alikuta kura nyingi za maskini zimeanza kuhesabika, na matumizi ya serikali kwenye afya yakaongezeka. Watu wale walikuwa wakienda vituoni siku zote. Kilichowafungia nje ni kalamu.

Ugumu unaanza pale urahisi unapomtoa mpiga kura kituoni na kumrudisha sebuleni kwake. Estonia imeruhusu kura ya intaneti tangu 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo. Kwa mgonjwa, mlezi wa mtoto mchanga au aliye ughaibuni, huo ni ukombozi. Lakini kituturi hakikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Ni mahali ambapo mume, bosi au aliyekulipa haoni unachofanya. Waestonia wameliona hilo: unaweza kurudia kura yako mara nyingi upendavyo na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, na siku ya uchaguzi ukipiga ya karatasi inaifuta ile ya intaneti. Ni dawa ya akili, ingawa haimfai sana anayeishi nyumba moja na anayemshurutisha. Norway ilijaribu kura ya intaneti mwaka 2011 na 2013, kisha ikaachana nayo.

Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliuliza swali lililo gumu zaidi. Machi 2009 ilizikataa mashine za kupigia kura zilizokuwa zikitumika, kwa hoja kwamba raia wa kawaida, asiye na utaalamu wowote, lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi. Haikuhitaji ushahidi kwamba kura zimeibwa. Nakubaliana nayo, kwa tahadhari moja: wapo wanaolia "usalama, usalama" kwa sababu tu foleni fupi ingewaletea wapiga kura wasiowataka. Ukitaka kuwatambua, wape mambo yasiyogusa usiri wala hesabu, kama kituo kilicho karibu, siku ya mapumziko, ngazi iliyowekewa njia ya kiti cha magurudumu, kisha uone kama wataafiki. Australia hupiga kura Jumamosi, na India hujitahidi mpiga kura asitembee zaidi ya kilomita 2. Hakuna udukuzi hapo.

Kwa ukaguzi, sijaona kinachoishinda Gambia. Tangu miaka ya 1960 mpiga kura hupewa gololi, akaingia faraghani kwenye madumu yenye rangi na picha za wagombea, akaitumbukiza kwenye mojawapo. Ndani yake mna kengele. Kusoma si lazima. Wagombea wakiwa wengi madumu yanajaa chumba, kweli, lakini mwaka 2021 walikuwa sita na kazi ilikwenda. Walio nje hawajui gololi imeingia dumu lipi. Wanajua tu kwamba kengele imelia mara moja, na ikilia mara mbili kila mtu atageuza shingo.